Kadre Haitangulii Herufi

Ninyi mnaoagiza bango kwa simu na kulipokea kesho yake kutoka Lubumbashi, limekunjwa vizuri, picha na rangi zote mahali pake, hamjui jinsi herufi M inavyoweza kumwaibisha mtu. M ni pana. I ni nyembamba kama njiti ya kiberiti. Mchoraji asiyejua hilo hupima kitambaa, hugawa kwa idadi ya herufi, huanza kushoto akipiga mluzi, na akifika kulia anakuta neno ni refu kuliko nguo. Mimi nilikuwa mchoraji huyo. Nimeandika kaliko za mji huu wa Likasi tangu nikiwa na meno yangu yote mpaka mkono ulipoanza kutetemeka, na mengi ninayoyajua niliyajua kwa kuharibu nguo za watu.

Kaliko, kwa ambaye hakuikuta, ni kitambaa cheupe cha pamba cha mita nne au tano, kinachofungwa juu ya barabara kati ya nguzo mbili. Kwanza unakipaka uji mwembamba wa unga wa muhogo ili rangi isitambae. Kisha unachukua kamba, unaivuta ndani ya unga wa makaa, mnaishika watu wawili, mmoja anainyanyua katikati na kuiachia: pa! Mstari mweusi umenyooka kuliko mawazo ya mwanasiasa. Ukimaliza kuandika, unakata vidirisha vya nusu mwezi ili upepo upite. Asiyekata vidirisha ataikuta kaliko yake mtaa wa Kikula, juu ya paa la mtu.

Shule niliiacha darasa la tano la msingi. Sikufukuzwa. Niliona lori linaondoka sokoni, nikataka kujua linapakua wapi. Lilipakua Kolwezi. Tangu hapo nimebeba mawe Kakontwe, nimeuza samaki wa Bukama, nimesukuma mkokoteni Lubumbashi, na kila mahali nilisoma kila kilichoandikwa: magunia, makaburi, milango ya mabasi. Kifaransa changu nilikitoa ukutani. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kukataza watu kukojoa. Mpaka leo siwezi kupewa karatasi nisiisome mara mbili, na tabia hiyo, mtaona, iliwahi kumsaidia mtu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Vieux Kasongo, mzee aliyetumia ujana wake kuandika namba kwenye mabehewa ya treni. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na rula, na rula hiyo ilivijua vema vifundo vya vidole vyangu. Siku moja aliugua, kanisa moja la Kikula likaja kuagiza kaliko ya mkutano wao wa maombi, nikaona hii ndiyo siku yangu. Nilitaka wajue kuna fundi mpya. Nikaanza na kadre: mstari mwekundu kuzunguka nguo yote, na maua kwenye pembe nne. Ilikuwa nzuri, nikawaita majirani waione. Kisha nikaandika MAOMBI YA UKOMBO, na hapo kadre ikanifikia. ZI ikabaki nje. Nikaibana pembeni, herufi mbili nyembamba zimesimama kama watu waliokosa kiti.

Mchungaji alikuja, akaitazama, akazunguka upande wa pili, akarudi.

“Kijana,” alisema, “hii ukombozi yako iko kafupi. Hata pepo itashindwa kutoka. Itakwama pa mulango.”

Vieux Kasongo alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia neno ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika haya yote: “Kadre njo ya mwisho. Kadre ikitangulia, herufi zitaomba ruhusa.”

Wateja wangu wagumu hawakuwa wachungaji. Walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja, maana ukuta wake ni mrefu na mimi ni mfupi. Mimi nililipisha kwa herufi. Kila herufi bei yake, nafasi kati ya maneno bure. Kwa hiyo wanafunzi walikaa kwenye uwanja wangu wakikatakata sentensi, wakitoa neno hili na kurudisha lile, na hivyo wakajifunza kusema kwa ufupi, somo ambalo darasani halikuwepo. Ndio walionipa jina: Papa Lettre, yaani baba wa herufi.

Walikuwa na chama chao cha kutetea wanafunzi, wenyewe waliita komite. Alama za mtu zikipotea, komite inamsindikiza ofisini. Mwalimu akilazimisha watu kununua maandishi yake, komite inakwenda kumwona. Fedha yao ilitoka katika ndoo ya bluu iliyokuwa ikizungushwa madarasani. Anayetaka anatia, asiyetaka anaipisha kwa jirani.

Kiongozi wao alikuwa Odile Mujinga, binti wa mama anayeuza unga soko la Kikula. Alikuwa anatembea haraka, na kuongea haraka zaidi. Alikuja na habari asubuhi moja, na nyuma yake Ilunga, mwenzake wa darasa, kijana mpole ambaye siku zisizo na masomo alikuwa anachimba madini Kamatanda ili alipe chuo.

“Papa Lettre, tumepata!” Odile alisema kabla hajakaa. “Kwa bordero ya frais, ile karatasi ya kulipia chuo, sasa kutakuwa mustari ya komite. Kila mwanafunzi akilipa masomo, analipa na yetu. Na bureau banatupatia, na meza, na mashine ya kuprinter.”

“Kila mwanafunzi,” Ilunga alisema polepole. “Hata mwenye hapendi.”

“Hata mwenye hapendi! Mwenye hapendi, siku banamupotezea point anakimbilia fashi gani? Kwetu! Bachache banatia mu ndoo, bote banakuya kulia. Hii haki ya wapi?”

“Mwenye anatia mu ndoo, Odile, anajua juu ya nini ametia. Mwenye bamemukata mu bordero, hajue hata jina yako.”

“Jina yangu haina kazi. Unakumbuka ile safari?”

Ilunga aliikumbuka. Msichana mmoja alikuwa amepoteza alama za mwaka mzima, na faili lake lilikuwa Lubumbashi. Odile alikwenda kulifuata. Ndoo ilitosha kwenda, haikutosha kurudi. Alirudi juu ya lori la saruji, akaingia Likasi mweupe kama aliyefufuka, akaenda hivyo hivyo darasani.

Vijana, siwafichi: siku ile niliona Odile ana haki. Kuomba kunachosha. Mtu anayewatetea wote hapaswi kulishwa na wachache. Nikachukua brashi nichanganye rangi, na ndipo aliposema, kama mtu anayeongeza chumvi kidogo:

“Na Sekretere Jenerali wa chuo mwenyewe amesema bataankadre komite.”

Brashi ilisimama. “Amesema neno gani?”

“Encadrer, Papa. Njo kusema batatuangalia, batatusaidia.”

“Mutoto yangu, minye ninajua ile neno. Njo kuzungushia kadre.”

Nikamweleza habari ya kanisa, ya ukombozi uliokwama mlangoni, ya rula ya Vieux Kasongo. Ilunga alicheka. Odile naye alicheka, lakini alinipiga bega.

“Papa Lettre, ile ni rangi. Hii ni politike.”

Wakaagiza kaliko ya kuwashukuru wakuu wa chuo. Waliandika MERCI, herufi tano, kwa sababu TUNASHUKURU ingewatoza kumi na moja. Nikaandika. Nzuri sana, kivuli cha bluu chini ya kila herufi. Kazi ni kazi.

Hapa niwape jambo la ufundi. Rangi nyekundu ya mafuta ikiwa mbichi inang'aa, na mteja anaifurahia. Ngoja siku tatu. Ikikauka inakuwa na sura nyingine, ya damu ya zamani. Kwa hiyo usimwonyeshe mteja kazi yako ikiwa mbichi, wala usiamini ahadi inayong'aa mbele yako.

Mitihani ilipofika, siku ya kwanza, saa nne asubuhi, nilikuwa nasafisha brashi nikamwona Ilunga anaingia uwanjani. Shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Saa ile alipaswa kuwa ameinama juu ya karatasi.

“Bamenifukuza pa mulango,” alisema.

Alikuwa amelipa kila kitu. Masomo, usajili wa mtihani, vyote. Kilichobaki ni ule mstari wa komite, akitegemea kuulipa akiuza mawe yake mwisho wa juma. Mlinzi aliyeshika orodha alipitisha kidole, akamwambia: hauko en ordre, inabakia ya komite.

“Nikamwambia, komite ni minye! Miko membre tangu mwaka wa kwanza! Akasema: basi ujidai ile deni wewe mwenyewe.” Alijaribu kucheka, ikashindikana. “Papa, nikikosa hii session, ni mwaka wote. Na mwaka wote Kamatanda, siye tunajua. Muntu anashuka mu shimo kwa mwezi moya, anabakia.”

Nilijua. Nimewaona wengi walioshuka kwa mwezi mmoja.

Odile alifika muda mfupi baadaye, amemaliza mtihani wake kwa haraka, viatu mkononi kwa kukimbia. Alikuwa ameshapita kwa Sekretere.

“Nimemwambia: hii franka ni yetu, siye tunasema Ilunga aingie. Unajua amenijibu nini? ‘Mademoiselle, franka ni yenu, sheria ni yetu.’” Akakaa juu ya kopo la rangi. “Bantu bataona ni siye tumemufunga, Papa. Pa mulango kuko jina yetu. Chama ya kutetea, njo inazuia.”

Alitaka kaliko. Kaliko kali, ya kesho asubuhi, mlangoni kwa chuo. Alikuwa na maneno mengi sana, sikumbuki yote, mengine hayafai watoto. Lakini siku chache kabla mlinzi yule yule alikuwa amekuja kwangu na karatasi niweke sahihi. Chuo kilikuwa kimekubaliana na komite, eti ndani ya ule uankadre wao, kwamba hakuna kaliko inayotundikwa bila kupelekwa kwanza ofisini kupigwa muhuri. Odile alikuwa ametia sahihi karatasi hiyo hiyo, siku ya mashine ya kuprinter, pamoja na karatasi nyingine.

“Hukusoma?” nilimwuliza.

“Nilisoma mwanzo.”

Msichana wa chuo kikuu alisoma mwanzo. Mimi wa darasa la tano nilikuwa nimeisoma yote mara mbili. Nikatoa nakala niliyoachiwa, chini ya kopo la gundi, nikaisoma mara ya tatu kwa sauti. Ilisema: maandishi yote yatapigwa muhuri kabla ya kutundikwa. Maandishi yote. Nikarudia neno hilo, na nikahisi furaha fulani ambayo sikuwa nimeihisi tangu lile lori la Kolwezi.

Nilitandika kaliko ya mita tano, yangu mwenyewe, niliyokuwa nimeihifadhi kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu. Uji wa muhogo, kamba ya makaa, pa! Kisha nikachukua nyekundu na nikafanya kile ambacho sikuwa nimekifanya tangu kanisa lile: nilianza na kadre. Upana wa kiganja, pande zote nne. Maua kwenye pembe, ndiyo, na maua. Ilunga alishika kamba, Odile alizunguka akisubiri. Nilipofunga pembe ya mwisho niliweka brashi ndani ya maji.

“Na maneno?” Odile aliuliza.

“Hakuna.”

“Papa, batatucheka.”

“Bacheke.”

Akasimama mbele ya nguo ile. Akaizunguka kadre kwa macho, pembe hadi pembe. Kisha akasema, polepole, kama Ilunga: “Njo siye. Mule ndani, njo siye.”

Mchana ule komite ilikutana. Sikuwepo, nilisimuliwa na Ilunga. Odile alisimama akasema amekosea, kwamba yeye ndiye aliyeandikisha MERCI, na kwamba komite iandike barua kuikataa ile fedha ya bordero hadi wanafunzi wenyewe waamue, bila mlango wa mtihani katikati. Walimzomea. Kijana mmoja alimwuliza kama anataka kurudi kwenye lori la saruji. Akajibu: “Juu ya lori nilikuwa muchafu, lakini nilikuwa ninaenda fashi ninapenda.” Walipiga kura, barua ikapita kwa tofauti ndogo, na wengine hawakumsalimu mpaka mwisho wa mwaka.

Asubuhi ya siku ya pili kaliko ilikuwa imefungwa mbele ya lango, kati ya nguzo ya umeme na mti wa avoka, na Odile amesimama chini yake. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara kwa mama muuza mikate, nikijifanya nachagua. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mwenye gunia la makaa kichwani.

“Ba mama, balisahau kuandika?”

“Hapana, mama,” Odile alijibu kwa sauti ya kufika sokoni. “Banatuankadre. Na mwenzetu iko inje ya mutihani juu ya ile kadre.”

“Mutoto alilipa masomo?”

“Alilipa yote!”

“Na banamukataza? Yesu!” Akatua gunia chini. Gunia la makaa likitua, watu husimama. Ni kama kengele. Wakaja wa pikipiki, na hao mnawajua, neno likiwaingia halitoki. “Ankadre! Ankadre!” wakapiga honi. Mmoja akamwambia mwenzake aliyejaza abiria watatu: “Weye, utulie, tutakuankadre!” Kila aliyepita aliuliza kilichoandikwa, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa mdomo. Kaliko zangu zote za miaka ile zilisomwa. Hii peke yake ilijibiwa.

Sekretere Jenerali alitoka kwa miguu, suti ya kijivu, karatasi mkononi. Lazima niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa amechoka kama sisi.

“Kuko muhuri gani kwa hii maandishi?”

“Maandishi gani, Monsieur?” Odile aliuliza.

Akatazama juu. Akatazama upande wa nyuma, kama mchungaji wangu. Kisha akamwambia mlinzi aishushe na aandike ripoti. Mlinzi alivua kofia, akakuna kichwa.

“Ninaandika nini, Monsieur? Kama balikuwa banasema nini?”

Watu walicheka kicheko kile ambacho hakina adabu, na katikati yake Odile alimpa Sekretere barua ya komite, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. Aliisoma palepale. Akarudi nayo ndani.

Siku ya tatu Ilunga aliingia mtihani. Mlinzi hakupitisha kidole, alisema tu, “Ingia, bwana komite.” Mitihani miwili iliyokwisha kupita aliifanya kipindi cha pili, akafaulu kwa alama chache ambazo zilikuwa zake. Mstari wa komite uliondolewa kwenye bordero, na meza na mashine vikaondoka pia. Ndoo ya bluu ikarudi madarasani.

Ninyi wa komite za leo mnaokuja kuniuliza kama fedha ya bordero ni dhambi: sijasema hivyo. Ndoo nayo ina ujanja wake. Niliwahi kumwona mtu akitia mkono mtupu na kutoa mkono uliojaa. Chukueni fedha yenu kwa njia mnayoipenda, hata kwenye bordero, mkiwa mmeisoma karatasi hadi mwisho, mmepiga kura, na hakuna mtu anayesimamishwa mlangoni kwa jina lenu. Lakini msikubali mtu awachoree kadre kisha awaambie: haya, sasa semeni. Mkikubali, msilalamike kwamba ZI imebaki nje.

Juma lililofuata niliitwa ofisini. Nilivaa koti. Kaliko ilikuwa mezani kwa Sekretere, imekunjwa, pembe moja yenye ua inaonekana. Alinionyesha kiti, na karatasi yenye sahihi yangu.

“Papa, ulitia sahihi hii?”

“Nilitia. Niliisoma mara mbili.”

“Basi uniambie. Hii kazi, nani alikulipa?”

Nilikwishajua atauliza. Anayetafuta mwenye kaliko haulizi nani aliyechukia, huuliza nani aliyelipa.

“Monsieur Sekretere,” nikasema, “Likasi yote inajua minye ninalipisha kwa herufi. Ufungue nguo, uhesabu. Ile utakuta mule, njo bamenilipa.”

Akaisogeza karatasi pembeni. Kisha, naapa mbele yenu, aliifungua.